Hoteli ya Mlima Kenya haihitaji makuti: iulizeni Majengo ya Nyeri

Ukimtajia mtu wa Mombasa Majengo, fikra yake itakwenda moja kwa moja kwenye mtaa wake mwenyewe pale kisiwani. Lakini Majengo ni nyingi. Iko ya Nairobi, ndani ya Pumwani, iliyoanza mapema miaka ya 1920. Iko ya Nanyuki, iko ya Meru, na iko ya Nyeri, mji ulio kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, kilomita kama 150 kaskazini mwa Nairobi. Mitaa mingi ya jina hilo huko bara ndiyo serikali ya kikoloni iliyowatengea watu ambao haikujua iwaweke wapi: wapagazi waliofika na misafara, askari waliomaliza kazi, wafanyabiashara wadogo, wanawake waliojitegemea, na wenyeji waliosilimu. Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani, msikiti ukawa jirani, na nyumba zikajengwa kwa ramani iliyotoka kwetu Pwani.

Nimeanza na nyumba hizo kwa sababu nataka kuzungumzia hoteli.

Nyeri ni mmojawapo wa miji ya zamani ya utalii nchini Kenya, na eneo zima la Mlima Kenya bado linajengwa hoteli. Siku hizi kila mwenye hoteli husema yake ni rafiki kwa mazingira na imechota utamaduni wa wenyeji. Maneno hayo ni rahisi kuandika kwenye tangazo. Ukienda kutazama, mara nyingi utakuta paa la makuti, mlango wa nakshi, ngao mbili za Kimaasai ukutani, na nyuma ya jikoni bomba linalomwaga maji machafu bondeni. Kwa hiyo tujiulize: hoteli iliyotokana na mahali pake huwaje hasa? Na sisi watu wa Pwani tuna haki ya kuuliza, kwanza kwa sababu makuti ni yetu, na pili kwa sababu maji ya bonde hilo yanatujia. Nitafika huko.

Tuanze na joto, kwa sababu nyumba yoyote kabla ya kuwa ya kupendeza hujibu swali la joto. Ukipanda mlima, hewa hupoa kwa kiasi cha nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Nyeri iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari. Mombasa wastani wa mwaka ni kama nyuzi 26, na Nyeri ni kama 17 au 18. Mwezi wa Julai mawingu hushuka, manyunyu hayakatiki, na usiku mtu hutafuta blanketi la pili.

Sasa tazama nyumba zetu za Pwani. Nyumba ya mawe ya Lamu ina kuta nene karibu nusu mita, za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari imeshikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi, vyumba huwa virefu na vyembamba. Katikati kuna kiwanda kilicho wazi juu, hewa ya moto ipate pa kutokea. Vichochoro ni vyembamba ili nyumba moja iitilie nyingine kivuli. Kijijini, paa la makuti hufanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyepesi: hupumua, likaachia joto lipite na kuzuia jua. Ukichukua mambo hayo yote pamoja utaona kwamba shughuli yake ni moja tu, kulifukuza joto.

Ukiyabeba makuti hayo kwa lori zaidi ya kilomita 600 mpaka Nyeri, yataendelea kufanya kazi yake ile ile. Yatafukuza joto mahali ambapo joto ndilo linalotafutwa. Ukungu na manyunyu huyaweka majani mabichi kwa wiki nyingi, kuvu huingia, na paa ambalo fundi wa Kilifi angelikagua baada ya miaka kadhaa huanza kuoza mapema. Ukumbi ulio wazi pande zote, ambao Diani ndio raha yenyewe, Nyeri humfanya mgeni aondoke saa moja usiku kwenda kujifunika chumbani. Mwenye hoteli naye huwasha moto wa kuni kila kona kulipia kosa la mchoraji wake. Kuni hizo zinatoka wapi? Hapo ndipo neno "rafiki kwa mazingira" linapoanza kupungua uzito.

Wenyeji wa mlima walijibu swali la baridi zamani. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake kuhusu Wakikuyu kilichotoka 1938, alieleza jinsi nyumba ilivyojengwa: jirani wote walikuja, wanaume wakaleta miti, wanawake wakaleta nyasi, na nyumba ilipaswa kumalizika na moto kuwashwa ndani yake siku ile ile. Nyumba yenyewe ilikuwa ya duara. Hilo halikuwa pambo. Duara huzingira nafasi kubwa kwa ukuta mfupi kuliko mraba, hivyo sehemu ya kupotezea joto inapungua. Paa la nyasi lilishuka chini karibu na ardhi, upepo ukakosa pa kushika. Madirisha hayakuwapo. Mafiga matatu yalikaa katikati, moshi ukapanda polepole kupitia nyasi na kuwaua wadudu wanaokula paa. Mbuzi walilala humo humo, na joto la miili yao likawa nyongeza. Sisemi mgeni alazwe na mbuzi. Moshi wa ndani pia umeharibu macho na vifua vya akina mama wengi, na hakuna haja ya kuurudisha. Nasema kwamba kila kitu katika nyumba ile kilikuwa na sababu, na hoteli inayojenga vibanda vya duara vya saruji vyenye madirisha makubwa ya kioo kimoja pande zote imechukua umbo ikaacha sababu.

Tugeukie Majengo, maana hapa kuna jambo ambalo wachoraji wa hoteli hawalitazami.

Nyumba ya Kiswahili iliyopanda bara ni ile tunayoijua sote: baraza mbele, mlango, ukumbi mrefu wa katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na nyuma ua wenye jiko, choo na kamba ya nguo. Kuta ni za miti, fito na udongo. Paa, badala ya makuti, lilikuwa la mabati, na kwa walio wanyonge, kama ilivyokuwa Pumwani, la madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa na kupigwa nyundo yakawa bapa. Ramani ni ya nchi ya joto. Lakini iweke mita 1,750 juu ya bahari uone inavyogeuka. Ukumbi ambao Pwani hufunguliwa huku na huku ili upepo upite, ukiufunga milango yote miwili unakuwa kizuizi cha upepo: kila chumba kinafunguka ndani, hakuna mlango wa kulala unaotazama baridi ya nje. Ukuta mnene wa udongo hunywa jua la mchana na kulirudisha taratibu usiku. Ua, ambao kwetu ni wa kivuli, kule unakuwa shimo la jua lililokingwa na upepo, mahali pa mzee kuanika mifupa yake saa nne asubuhi. Na baraza hubaki baraza. Mpita njia husimama, husalimiwa, huketi.

Ina kasoro zake pia. Bati lisilo na dari ni adui: usiku wa mbingu safi hutoa joto lote la nyumba angani, na alfajiri mvuke wa pumzi za watu huganda chini yake na kudondoka kitandani. Dawa yake haina makuu: dari ya mbao au ya mianzi, na juu ya dari kitu cha kuzuia joto lisitoroke, hata kama ni sufu au pumba zilizokaushwa na kufungwa vizuri zisiingie panya. Msingi nao unyanyuliwe kwa mawe, kwa sababu udongo ukirushiwa matone ya mvua kila siku huliwa kuanzia chini.

Ukiyarekebisha mawili hayo, unayo ramani ya hoteli ndogo ya vyumba kumi na viwili, nyumba mbili zikitazamana kwa ua mmoja, ambayo hakuna mahali pengine duniani itakapofaa kama hapo. Ni ya Kiswahili na ni ya mlimani kwa pamoja, kama watu wa Majengo wenyewe.

Kuna jambo jingine la jua ambalo fundi wa kwetu hana haja ya kulijua sana. Nyeri iko karibu kabisa na ikweta. Mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba upande wa kusini. Miezi ya baridi ni Juni, Julai na Agosti. Basi ukumbi na madirisha makubwa yakitazama kaskazini na mashariki, jua lolote litakalochungulia mawinguni wakati wa baridi litaingia ndani. Bahati nzuri ni kwamba Mlima Kenya, wenye mita 5,199, uko upande huo huo, kaskazini mashariki ya mji, na huonekana vizuri zaidi alfajiri kabla ya kujifunika. Wakikuyu waliuelekea wakiomba. Mgeni anayeamka akauona mlima kutoka kitandani huku jua likimpasha miguu hahitaji ngao ya Kimaasai ukutani.

Mtu ataniuliza: na Treetops je? Hiyo ndiyo hoteli ya Nyeri iliyosifiwa dunia nzima kwa kujengwa kufuatana na mazingira. Kweli, na kisa chake kinafaa kusimuliwa chote. Mwaka 1932 Eric Sherbrooke Walker, aliyekuwa na Hoteli ya Outspan mjini Nyeri, alijenga kijumba cha vyumba viwili juu ya mti wa mugumo katika msitu wa Nyandarua, wageni wapande ngazi na kukesha wakitazama wanyama wanaokuja kunywa maji na kulamba chumvi. Mugumo ni mti ambao Wakikuyu waliuheshimu na kufanyia ibada chini yake. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alilala huko, na usiku huo huo baba yake akafariki, naye akawa malkia. Mwaka 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, wapiganaji wa msituni waliichoma hoteli hiyo. Mwaka 1957 ikajengwa nyingine karibu na hapo, kubwa zaidi, ikisimama juu ya nguzo za miti.

Kwa macho ilikuwa hoteli ya msituni kweli kweli, mbao tupu. Lakini chumvi iliyowekwa kuwaita wanyama, pamoja na maji, iliwaita ndovu wengi mahali pamoja, na ndovu hula miti. Msitu uliokuwa umeizunguka hoteli ulipungua ukawa uwanja mkavu, hadi ikabidi miti ipandwe upya na kukingwa. Jengo lilifanana na msitu huku biashara yake ikiumaliza. Ndiyo sababu napenda ule msemo wetu: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Zipo dada zake, kama The Ark ya mwaka 1969 iliyo humo humo Nyandarua, iliyojengwa kwa umbo la safina ya Nabii Nuhu. Safina mlimani, mambo ya watu hayo! Nazo zote zimetufundisha kwamba swali la hoteli ya msituni si rangi ya mbao zake, ni idadi ya wageni, kiasi cha chumvi, na umbali wa taa kutoka kwenye maji.

Wapo waliofanya vizuri zaidi, tena si mbali. Kaskazini mwa mlima, Laikipia, Wamaasai wa Il Ngwesi walifungua hoteli yao mwaka 1996. Vibanda vichache tu, vimejengwa kwa miti mikavu iliyokufa yenyewe, yenye mapindi yake ya asili, na nyasi juu. Mwenye mali ni jamii nzima ya ranchi hiyo, na fedha huingia katika shule, afya na ulinzi wa wanyama. Mwaka 2002 walipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kwetu baharini ipo Chumbe, kisiwa kidogo karibu na mji wa Zanzibar, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1994. Hoteli yake ina vyumba saba tu. Kila paa limejengwa likinge mvua, maji huchujwa kwa mchanga na kuwekwa katika tangi chini ya sakafu, umeme ni wa jua, choo hakitumii maji bali hugeuza uchafu kuwa mboji, na maji ya kuogea hupita kwenye kitalu cha mimea kabla ya kuachiwa. Ukiitazama Chumbe kwa mbali unaona makuti. Lakini makuti pale yako kwao, na sehemu ya thamani kubwa ya hoteli ile haionekani kwenye picha hata kidogo: iko chini ya sakafu.

Hapo ndipo yanapokuja yale maji niliyoyaahidi. Mlima Kenya na Nyandarua ndiyo matangi ya nchi hii. Mito ya Nyeri, ikiwamo Chania na Sagana, huingia Mto Tana, nao Tana hupita mabwawa ya umeme, ukashuka Garissa, Hola na Garsen, ukaingia bahari yetu karibu na Kipini. Mkulima wa mpunga wa Tana Delta na mvuvi wa Kipini wanakunywa, kwa namna ya kusema, maji yaliyotoka bafuni kwa mgeni wa Nyeri. Hoteli ya mlimani ikichimba shimo la choo karibu na kijito, au ikiyaelekeza maji ya mto kwenye bwawa la kuogelea mwezi wa Februari, habari hiyo ni ya Pwani pia. Mlima una mvua ya kutosha kukingwa na paa kubwa la hoteli. Kutumia maji ya mto kuoshea mashuka wakati bati lenyewe linamwaga mvua bure ni uvivu.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi, ila mti mmoja unastahili kutajwa. Mtarakwa, ambao wengine huita mwerezi, ndio mbao ya fahari ya mlima: mchwa hawauli, harufu yake ni nzuri, nguzo yake hukaa ardhini miaka na miaka. Kwa sababu hiyo hiyo umekatwa mno, nao hukua polepole. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu yote ya umma. Mianzi ya mlimani nayo iko ndani ya misitu hiyo hiyo. Kwa hiyo hoteli inayojisifu kwa mbao mpya za mtarakwa inajisifu kwa kitu cha kuonea haya. Mashambani kuna mgrevilea, ambao Wakikuyu huuita mukima, unaokua upesi kwenye mipaka ya mashamba ya kahawa. Uko mkaratusi. Liko jiwe la machimbo. Na uko udongo mwekundu wenyewe, ambao ukichanganywa na mchanga na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono, hutoa matofali yasiyohitaji kuchomwa kwa kuni. Bila mchanga hupasuka, kwa kuwa udongo wa kule una mfinyanzi mwingi. Na kabla hatujajivuna sana, tukumbuke chokaa ya majumba yetu ya mawe ilichomwa juu ya malundo ya magogo. Babu zetu nao walikula msitu.

Maji moto ndiyo yanayokula kuni nyingi zaidi katika hoteli ya baridi. Mwaka 2012 Kenya ilitunga kanuni za kutaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yapashe sehemu kubwa ya maji hayo kwa jua. Wenye nyumba walizilalamikia sana. Hata hivyo, kwa hoteli yenye vyumba ishirini hesabu ni nyepesi, na tangi la juani hulipa gharama yake lenyewe.

Mwisho ni utamaduni, na hapa sichelei kusema wazi. Hoteli nyingi hufikiri utamaduni ni ngoma ya saa mbili usiku. Majengo wapo akina mama wanaojua kupika mahamri na biriani kwa mtu yeyote, wapo mafundi wa udongo, wapo wazee wanaokumbuka nani alijenga nyumba gani. Hoteli ingeweza kununua mkate wao kila asubuhi, kuwapa vijana wao kazi ya kudumu, na kuwalipa mafundi wao wafunze wengine. Jambo hilo halijitokezi kwenye mchoro, lakini ndilo linaloamua kama hoteli ni ya mahali hapo au imetua tu.

Nyumba zenyewe, kwa bahati mbaya, hazitangoja sana. Katika Majengo nyingi za bara, nyumba za udongo zinabomolewa moja moja na maghorofa ya kupangisha yanasimama. Simlaumu mwenye nyumba, kodi ya ghorofa inasomesha watoto. Lakini kabla haijabomolewa ingefaa ipimwe: unene wa ukuta, urefu wa ukumbi, upande ua unaotazama, joto la ndani saa kumi alfajiri mwezi wa Julai. Chuo Kikuu cha Nairobi na JKUAT vyote vinafundisha usanifu wa majengo, na Nyeri ni safari ya saa chache. Utepe wa kupimia, kipimajoto, daftari, na adabu ya kubisha hodi na kumwamkia mwenye nyumba vinatosha.

Na hoteli mpya inapopangwa, sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka athari zake zitathminiwe na wananchi waitwe kutoa maoni. Vikao hivyo kwa kawaida huishia kwenye soda na ahadi za ajira. Atakayekwenda aulize mambo manne: maji ya bafuni yanaishia wapi, maji moto yanapashwa kwa nini, mbao zimetoka shamba gani, na ni nani wa hapo mtaani aliyeulizwa kabla ramani haijachorwa.